Radhi na Uji: Mama Mgonjwa na Mwanawe katika Fasihi ya Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Katika fasihi ya Kiswahili ni vigumu kumpata mhusika anayeheshimiwa kuliko mama. Nyimbo za harusi na za taarabu, tenzi za mawaidha, methali na hotuba za misibani, zote humweka mahali pa juu, na msemo wa kwamba Pepo iko chini ya nyayo zake hujulikana hata na yule asiyejua ulikotoka. Hata hivyo heshima hiyo ina upungufu mmoja unaostahili kuchunguzwa. Mama wa fasihi yetu hupewa nafasi ya kuzaa, kulea, kuonya, kubariki na kulaani. Mara chache sana hupewa nafasi ya kuugua muda mrefu mikononi mwa mwanawe wa kiume aliyekwisha kuwa mtu mzima. Mwana huyo naye amewekewa milango miwili tu: ama ni mtiifu aliyepata radhi, ama ni mwasi aliyeikosa. Yule aliye katikati, ampendaye mamake na kuchoshwa naye, amtumiaye fedha na kukawia kwenda kumwona, huyo hana mahali.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba pengo hilo halikutokea kwa bahati mbaya, bali limetokana na jinsi fasihi yenyewe ilivyomjenga mama. Na ya kwamba katika pwani ya Malindi na Kilifi madhara ya pengo hilo yamevuka mipaka ya vitabu. Maneno mawili ya kawaida yatatumika kuwa vipimo. La kwanza ni radhi, ambayo imo mkononi mwa mzazi, naye huitoa au huizuia. La pili ni uji. Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji, yaani anayeuguza hangoji kuombwa wala kuruhusiwa, hupika akanywesha. Methali hii husomwa kuwa ni mafunzo ya ukarimu, nayo ni kweli. Lakini imebeba pia habari ya mamlaka. Siku mama anapolala kitandani asiweze kuinuka, radhi ingali mkononi mwake, ila uji umehamia mkononi mwa mwana. Aliyekuwa akiamrisha sasa anageuzwa ubavu, anaoshwa, anaambiwa afungue kinywa. Mvutano wa mama mgonjwa na mwanawe huzaliwa hapo, mamlaka hizi mbili zinapokutana katika chumba kimoja.

Mama atoaye radhi

Mfano mashuhuri wa mama mgonjwa katika ushairi wetu ni Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, mke wa Sheikh Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Utendi wake, uliotungwa mwaka 1858, miaka michache kabla ya kufa kwake, ni utendi wa kitandani. Mtunzi anaeleza mapema kwamba maradhi yamemshika hata yametimiza mwaka, na kwamba kwa muda huo hakupata kumwambia binti yake neno la maana. Kisha anamwita binti, Mwana Hashima, akae karibu naye na wino na karatasi, ampe wosia.

Wasomaji wengi wameuangalia utendi huu kwa upande wa ndoa, maana sehemu yake kubwa inahusu namna ya kuishi na mume. Na wahakiki wa nusu ya pili ya karne iliyopita wakabishana kama mtunzi alikuwa akitetea unyonge wa mwanamke au alikuwa akimpa binti silaha za kuishi ndani ya unyonge huo. Mjadala huo una thamani yake. Kwa makusudi ya makala hii, hata hivyo, yafaa kuuliza swali jingine: mgonjwa huyu anauguzwa na nani? Utendi haujibu. Mwaka mzima wa maradhi umepita katika beti chache za mwanzo, na tangu hapo mgonjwa hana mwili tena, amebaki sauti. Sauti hiyo yafundisha kwamba kiumbe huhitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Binti aliyekaa kando ya kitanda kazi yake ni kuandika. Katika nyumba ya kitawala ya Siyu ya wakati ule, ambayo utendi wenyewe unaitaja kuwa na watumwa, yumkini uji ulipikwa na mikono isiyotajwa.

Wachapishaji wa utendi wameeleza pia kwamba Mwana Kupona alikuwa na mwana wa kiume. Wosia hakuandikiwa yeye. Jambo hili laweza kuelezwa kwa urahisi, kwani mafunzo ya mke hayamhusu mvulana. Lakini matokeo yake kifasihi ni makubwa. Kitanda cha mama mgonjwa kimeingia katika ushairi wetu kikiwa chumba cha wanawake, na mwana wa kiume amebaki nje ya mlango. Tangu hapo hajaitwa ndani.

Chakula kiendacho upande mmoja

Masimulizi ya Fumo Liyongo yanayaweka mambo haya wazi zaidi, nayo yako karibu na eneo linalojadiliwa, kwani mapokeo yanamhusisha shujaa huyo na Ozi na Kipini, kwenye mlango wa mto Tana, kaskazini ya Malindi. Katika utendi uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mama wa Liyongo ana nafasi mbili kubwa. Ya kwanza ni pale mwanawe alipofungwa. Mama alimpikia chakula akampelekea kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wakawa wanakila kile kizuri. Ndipo ulipookwa mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani yake. Walinzi wakaudharau, mkate ukamfikia mfungwa, naye akakata minyororo.

Nafasi ya pili ni ya kisimani. Liyongo amekwisha kuchomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, naye amekufa hali amepiga goti, upinde mkononi. Watu hawathubutu kuteka maji. Mama anaitwa amsihi mwanawe. Naye, asijue kwamba anasema na maiti, anamwomba kwa utungo apoe hasira, akidhani amekasirishwa na jambo. Pengine hapana tukio katika fasihi yetu linalouonyesha umbali wa mama na mwana aliyekomaa kwa ukali kama hili. Mama anauona ukimya wa mwanawe akauita hasira, kwa sababu katika lugha aliyo nayo, mwana asiyejibu ni mwana aliyeghadhibika. Uwezekano wa kwamba mwana ameishiwa nguvu haumo katika mawazo yake.

Yafaa kuangalia njia ya chakula katika kisa hiki. Chakula chatoka kwa mama kwenda kwa mwana, hakirudi. Ndivyo ilivyo pia katika masimulizi ya Wagiriama kuhusu Mekatilili wa Menza, aliyeongoza upinzani dhidi ya serikali ya kikoloni mwaka 1913, wakati serikali ilipotaka vijana wa Kigiriama wapelekwe kufanya kazi nje ya kwao. Inasimuliwa kwamba mbele ya mkutano aliweka kuku mwenye vifaranga, akamtaka ofisa Mwingereza Arthur Champion ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Ofisa akanyosha mkono, kuku akamdonoa. Fundisho lilieleweka na wote: ndivyo watakavyofanya akina mama wa Kigiriama kwa wana wao. Mekatilili alihamishwa hadi Kisii, akatoroka mwaka 1914, akarudi kwao kwa miguu.

Kisa cha kuku ni hazina ya pwani nzima, na ni haki yake kusimuliwa mashuleni. Lakini mhakiki hana budi kukiri kwamba nacho ni cha upande mmoja. Kuku anadonoa kwa ajili ya vifaranga. Masimulizi hayasemi vifaranga walifanya nini kuku alipozeeka.

Uchovu usio na jina

Yawezekana kudaiwa kwamba ukimya huu unatokana na dini, kwa kuwa dini imekataza kulalamika juu ya wazazi. Dai hilo halisimami likichunguzwa. Aya ya 23 ya sura ya 17 ya Kurani inazungumzia hasa wazazi wanapofikia uzee wakiwa kwa mwana wao, na inamkataza mwana asiwaambie hata kile kitamko kidogo cha kuonyesha kuchoshwa. Katazo hili ni la kindani sana. Halikatazi kupiga wala kufukuza tu. Lakataza pumzi ya uchovu. Na kwa kuikataza, laikubali kuwa ipo. Aya yamjua muuguzaji kuliko fasihi inavyomjua. Yajua kwamba hata mwana mwema hufika usiku wa manane, mzee ameita mara ya sita, na pumzi ile iko mdomoni. Tenzi zetu za maadili zimechukua katazo zikaacha ujuzi uliomo ndani yake.

Katika karne ya 20 mkondo wa mawaidha uliendelea kushuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Shaaban Robert alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, na katika hizo mbili mtoto ndiye msikilizaji. Utungo mashuhuri wa kupanda, ambao ndani yake mwana aliyekomaa asema na mzazi aliyelala, haukupata kuwa desturi. Riwaya ilipostawi ilitarajiwa izibe pengo. Kwa upande wa Kilifi mwandishi wa kutajwa kwanza ni Katama Mkangi, mwenyeji wa Ribe, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 na kufariki mwaka 2004. Riwaya zake tatu, Ukiwa (1975), Mafuta (1984) na Walenisi (1995), zimejishughulisha na mapenzi ya vijana, unyonyaji, na ndoto ya jamii isiyo na mabwana na watwana. Ni kazi za ujasiri. Lakini katika hizo zote kitanda cha mgonjwa si kitovu cha hadithi, na mvutano mkuu ni wa mnyonge na mtawala, wala si wa mtu na mzazi wake.

Fasihi za kwingine zimejaribu. Katika L'Étranger ya Albert Camus, iliyotoka mwaka 1942, mwana anashitakiwa kwa kuua mtu, lakini mbele ya mahakama lawama kubwa inageuka kuwa ni jinsi alivyompeleka mamake nyumba ya wazee na jinsi alivyokosa kulia siku ya maziko. Simone de Beauvoir, katika Une mort très douce ya mwaka 1964, alieleza majuma ya mwisho ya mamake bila kuficha mwili wa mgonjwa wala hasira za binti. Haifai kuvichukua vitabu hivi kuwa kielelezo cha kuigwa, kwani vimetoka katika jamii ambazo hospitali na nyumba za wazee zimeichukua kazi ya ukoo. Faida yake ni kuonyesha kwamba uchovu wa mwana waweza kuandikwa pasipo kumfanya mwana kuwa mwovu.

Hali ya pwani ya Kenya ni tofauti, nayo ni ngumu zaidi kusimulia. Katika nyumba nyingi za Malindi na Kilifi, kumwosha mama ni kazi ya binti au ya mkaza mwana. Mwana wa kiume haruhusiwi na adabu kuuona mwili wa mamake. Wajibu wake ni kulipa: nauli ya kwenda hospitali, dawa, mganga, mbuzi wa tambiko. Kama hana kazi, au kama kazi yake ni ya msimu katika hoteli za watalii, hana njia nyingine ya kuuguza. Upendo wake umewekwa katika fedha, na fedha zikikosekana upendo nao huhesabiwa kuwa umekosekana. Wenye kunywesha uji hawana sauti ya kuamua. Mwenye sauti ya kuamua hanyweshi uji. Mkaza mwana, ambaye ndiye muuguzaji wa kweli, hana hata radhi ya kungojea, kwani mama si wake. Ni wangapi katika wahusika wa riwaya zetu waliopewa kazi yake?

Neno la tatu

Pale ambapo lugha ina maneno mawili tu, radhi na laana, mtu asiyeweza kuyatumia hutafuta la tatu. Katika sehemu za bara za Kilifi neno hilo limekuwa uchawi. Kwa miaka mingi wazee wa huko, wanawake kwa wanaume, wameshitakiwa kwa uchawi, wakapigwa, wakafukuzwa, na wengine wakauawa, na mara nyingi washitaki wao ni watu wa damu moja. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotoroka nyumba zao. Mvi zimegeuka kuwa ushahidi.

Mhakiki wa fasihi hapaswi kujifanya polisi wala mchumi, ila hawezi kuzisahau sababu za kimaisha. Ardhi ya pwani imekuwa na mgogoro tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilipowapa hati baadhi ya watu katika ukanda wa pwani na kuwaacha wengi, hasa Wamijikenda, wakiwa maskwota juu ya udongo waliozikwa babu zao. Kipande kidogo kilichobaki ndicho urithi, na mzee aliye hai ndiye mlinzi wake. Mwana wa miaka arobaini asiye na kazi wala shamba anamwona mamake au babake katika sura mbili kwa wakati mmoja: ni mzazi, na ni mlango uliofungwa. Ugonjwa unapoingia nyumbani, uwe wa mzee mwenyewe au wa mtoto, wapo wanaokwenda kwa mpiga ramli kuuliza sababu. Jibu likitaja mzee, uchovu, ukata na tamaa, ambavyo havikuwa na jina, vyote hupata jina moja.

Filamu ya The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, iliyotolewa mwaka 2019 na kuteuliwa na Kenya kushindania tuzo za Oscar, ni miongoni mwa kazi za sanaa zilizolikabili jambo hili waziwazi. Ni filamu ya watu halisi. Kijana aliyehamia mjini anarudi nyumbani kwao Kilifi baada ya kusikia kwamba bibi yake, mwenye umri wa zaidi ya miaka tisini, ameitwa mchawi. Uwezo wa filamu ni kwamba haikumfanya mshitaki kuwa zimwi. Inawaacha watu wa ukoo mmoja waseme, na mtazamaji akisikiliza anatambua kwamba wanasema juu ya ardhi, juu ya mahubiri ya utajiri wa haraka, juu ya misiba isiyoelezeka, na kwamba neno uchawi linabeba mizigo hiyo yote.

Hata hivyo upo upungufu, nao si wa filamu peke yake. Anayerudi kumtetea mzee ni mjukuu. Kati ya mjukuu na bibi, desturi ya pwani imeweka utani na upole. Ndipo mahali pepesi. Kizazi cha katikati, wana na mabinti walio karibu na ardhi na karibu na kitanda, ndicho chenye jambo zito la kusema, nacho ni kigumu kukisemesha mbele ya kamera. Hapo ndipo maandishi ya kubuni yangefanya kazi ambayo kamera haiwezi. Mtu halisi hawezi kukiri hadharani kwamba aliwahi kutamani mamake afe, kisha akaamka alfajiri kumtafutia maziwa. Mhusika wa riwaya aweza.

Itasemwa kwamba maelezo ya namna hii yanatafutia wauaji udhuru. Sivyo. Aliyemuua mzazi ni muuaji, na mahakama iko. Lakini si kila mwana aliyetamka shutuma alianza na panga. Wengi walianza na ukimya kama ule wa kisimani: mama akaona hasira palipokuwa na uchovu, mwana akaona laana palipokuwa na maumivu. Fasihi iliyowafundisha wote wawili kusema kwa radhi na laana peke yake haiwezi kunawa mikono kabisa.

Hitimisho

Kilifi ni mahali ambapo maradhi yamechunguzwa kwa bidii. Kituo cha utafiti wa tiba kilichoanzishwa huko mwaka 1989 kinajulikana duniani, hasa kwa uchunguzi wa malaria ya watoto. Mtoto mgonjwa wa Kilifi amepata wanasayansi wake. Mama mgonjwa wa Kilifi hajapata msimulizi wake. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kuongeza mashairi ya kumsifu mama, kwa sababu sifa ndiyo iliyolificha.

Kinachohitajika ni kazi zitakazoingia ndani ya chumba cha mgonjwa na kukaa humo: zitakazotaja jina la anayepika uji na la anayelipa; zitakazomruhusu mama awe mkorofi, mwenye kusahau, mwenye kudai haki yake kwa sauti kubwa, bila kupungukiwa na uzazi wake; zitakazomruhusu mwana aseme amechoka, na hadithi isimwadhibu papo hapo kwa radi au kwa wazimu. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Kina kuugua na kuuguza, kina kukesha, kina kusononeka, kina kumezea. Ni fani ya mawaidha iliyokuwa ikiyapita.

Methali ya wahenga kwamba radhi ni bora kuliko mali itabaki kuwa kweli. Ila katika nyumba ambayo mama hawezi kuinuka, mwana hana kazi, na mkaza mwana ndiye aliyeshika upawa, ukweli huo peke yake hautoshi. Mwana Kupona alimwita binti yake alete wino na karatasi. Mwandishi wa Malindi na Kilifi wa leo hana budi kumwita na mwana wa kiume naye aingie ndani, na kumwandika vile alivyo.